Milimita 60 za Japani na chumvi ya Mombasa

Kabla hujaangalia kitu chochote, inua kifuniko cha sanduku la darubini unuse. Likitoa harufu ya mbao kavu au ya grisi ya zamani, endelea. Likikupokea kwa uvundo wa nguo zilizofungiwa mbichi, kuvu imeshaingia, na aghalabu imeshafika kwenye lenzi. Kwa Mombasa hicho ndicho kipimo cha kwanza cha darubini ya zamani. Kinatangulia jina, kinatangulia hata bei. Rangi iliyobanduka hutengenezeka na skrubu iliyopotea hupatikana, lakini lenzi iliyoliwa na kuvu miaka ishirini haina fundi.

Ninazozungumzia ni zile nyembamba na ndefu, zenye lenzi kubwa mbele na jicho, yaani lenzi ndogo ya kutazamia, nyuma, nyingi zikiwa za Japani za miaka ya 1950 hadi 1970. Bomba lake ni jeupe, lenzi ni ya milimita 60, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokusanyika) ni milimita 700, 800 au 900 na ushei, miguu mitatu ni ya mbao, na vikorokoro vyake vimepangwa ndani ya sanduku la plaiwudi. Huzukia kwenye makabati ya nyumba za Mji wa Kale familia inapohama, au Kongowea katikati ya mitumba, na mbaya zaidi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao kwao bomba na stendi ni kilo tu. Ukiiona huko usingoje kesho.

Jina la ubavuni si la aliyeitengeneza

Wengi husoma Tasco au Sears wakadhani ndiyo kiwanda. Tasco ilikuwa kampuni ya Marekani iliyoagiza na kuuza, na Sears lilikuwa duka. Viwanda vyenyewe vilikuwa Japani, navyo viliacha alama ndogo karibu na sehemu ya kufokasi au kwenye kikombe cha lenzi, yaani kishikio cha lenzi ya mbele. Herufi T ndani ya duara ni Towa. Unitron iliyouzwa Marekani na Polarex iliyouzwa Ulaya ni mapacha, mama mmoja: Nihon Seiko Kenkyusho wa Tokyo. Ukipata Unitron ya namba 114, ile ya milimita 60 yenye fokasi 900 na stendi ya kupanda na kuzunguka, au 128 ambayo ni ndugu yake mwenye stendi ya ikweta (yenye mhimili wa kufuata mwendo wa nyota), umepata kitu cha kurithisha. Kutoka Jena, Ujerumani Mashariki, kuna Telementor ya Zeiss, milimita 63 kwa 840. Hiyo ukiipata na lenzi safi, usibishane sana bei.

Tafuta pia kibandiko kidogo cha rangi ya dhahabu chenye umbo la yai, kimeandikwa JTII na neno PASSED. Ni cha taasisi ya Japani iliyokuwa ikikagua darubini kabla hazijapakiwa kwenda nje. Usikibandue na usikisugue ukidhani unasafisha. Kipige picha siku hiyohiyo, pamoja na namba ya bomba, maandishi ya kikombe cha lenzi, kadi iliyogundishwa ndani ya kifuniko, na kila lenzi ya jicho. Joto letu hulegeza gundi, chumvi hula wino, na maandishi hayo yakishafutika hakuna atakayejua ile darubini ilikuwa nani.

Maandishi yenye faida kuliko yote ni haya: D=60mm F=910mm, yaani kipenyo cha lenzi na fokasi yake. Gawanya 910 kwa 60, unapata kama 15. Lenzi ya mbele ni vioo viwili vya aina tofauti, krauni na flinti, vinavyosahihishana rangi, ila havimalizi kazi. Hubaki ukingo wa zambarau, na ukingo huo hupungua kadiri urefu wa fokasi unavyozidi kipenyo. Lenzi ya 15 kwa 1 pia ni rahisi kuisaga vizuri. Ndiyo maana bomba la futi tatu la mwaka 1965 linaonyesha mwezi mkavu, mweupe, usio na taka, kuliko vitu vingi vifupi vya plastiki vya leo.

Kwenye lenzi za jicho, herufi hutaja muundo wake: H ni Huygens, HM ni Huygens-Mittenzwey, R ni Ramsden, SR ni Ramsden linganifu, K ni Kellner na Or ni othoskopi. Ukikuta Or hata moja, ihifadhi kama dhahabu. Kipenyo cha shina la lenzi hizi zote ni milimita 24.5, wakati za leo ni 31.7, kwa hiyo za leo hazitaingia bila adapta. Ukuzaji ni fokasi ya bomba kugawanywa kwa fokasi ya jicho: 910 kwa 20 ni mara 45, kwa 12.5 ni mara 73, kwa 6 ni mara 152. Ile ya milimita 4 inayokuja nayo hutoa mara 227, na huko ni giza na ukungu mtupu. Milimita 60 haivuki vizuri mara 120. Watu wengi walizifungia kabatini darubini njema kwa sababu walianza na hiyo ya milimita 4. Anza na 20 au 25.

Za shaba ni habari nyingine, nami nitazigusa kidogo tu. Vile vibomba vya kuvuta vya mabaharia vinavyouzwa kwa watalii vikiwa na maandishi ya London na mwaka wa zamani sana, vingi ni vipya. Kinachojulikana sana ni kile kilichochorwa Kelvin & Hughes na mwaka 1917, ilhali kampuni hizo ziliungana kuwa na jina hilo mwaka 1947. Usitegemee maandishi. Kielekeze kwenye mlingoti au ukingo wa mnara wenye mbingu nyeupe nyuma yake. Kikionyesha utepe mnene wa zambarau upande mmoja na manjano upande wa pili, lenzi yake ya mbele ni kioo kimoja tu na hicho ni pambo la meza.

Kuangalia lenzi kabla ya kutoa pesa

Chukua tochi ya simu. Toa lenzi ya jicho na kioo cha pembe (kile kinachopinda mwanga kuelekea jicho), mulika kutoka nyuma ya bomba, kisha tazama lenzi ya mbele kwa mshazari. Vumbi ni nukta. Kuvu ni nyuzi, kama mizizi au kama utando wa buibui unaotanda kutoka ukingoni kuja katikati. Ukungu mweupe ulio sawasawa mara nyingi ni mvuke wa grisi au mafuta ya cherehani ambayo mtu aliyatia kwenye meno ya fokasi, na huo hutoka. Rangi za upinde wa mvua zinazoishia kwenye mpaka kama ramani zinamaanisha vioo viwili viliunganishwa kwa gundi na gundi imeachana. Hiyo si kazi ya nyumbani. Ila lenzi nyingi za Kijapani za milimita 60 hazikugundishwa: zina hewa kati yake, na vipande vitatu vidogo vya karatasi ya bati kwenye ukingo, kila kimoja nyuzi 120 kutoka mwenzake, ndivyo vinavyozitenga.

Mikwaruzo michache isikutishe. Vitobo viwili vitatu havionekani kwenye picha. Kinachoharibu ni uso mzima uliosuguliwa na kitambaa chenye mchanga.

Kuifungua

Usiifungue kama haina kuvu wala utando. Lenzi yenye vumbi inaona vizuri. Lenzi iliyofunguliwa na kurudishwa kichwa chini haioni kabisa.

Ikibidi, toa kikofia cha umande, kile kibomba kifupi kilicho mbele ya lenzi, kisha chora mstari mmoja wa penseli unaovuka kikombe na bomba, ili kirudi palepale. Kikombe hufunguka kwa kuzungushwa, au kwa skrubu tatu ndogo. Zikigoma kwa kutu, weka tone moja la mafuta ya taa usiku kucha, usitumie nguvu: skrubu za wakati ule ni laini na kichwa kikichanika umeanza matatizo mapya.

Tandika taulo. Tafuta bilauri au kopo lenye mdomo wa sentimita 5 hivi, mwembamba kidogo kuliko lenzi, ulivike kitambaa safi cha pamba. Legeza pete ya kubana, weka kikombe juu ya bilauri huku kioo kikiegemea kitambaa, kisha shusha kikombe taratibu. Vioo vyote viwili vitabaki juu ya bilauri vikiwa vimepangana vilevile. Usivipindue mkononi, hapo ndipo hudondoka.

Kabla ya kuvitenganisha, chora herufi V kwa penseli kwenye ubavu wa vioo vyote viwili kwa pamoja, ncha ikielekea upande wa mbinguni. Alama hiyo hukuambia mambo mawili: kipi ni cha mbele, na vilikuwa vimezungushwa wapi. Halafu vitenganishe. Vile vipande vitatu vya bati usivitupe, wala usivibadilishe kwa karatasi ya bati ya jikoni, ambayo ni nyembamba zaidi. Kimoja kikipotea, kingine lazima kiwe na unene uleule kwa kupima na maikromita, la sivyo vioo vitakaa vimeinama.

Puliza vumbi kwa pampu ya mpira ya kusafishia pua za watoto. Kisha maji vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, na pamba ya hospitali iliyolowa kabisa, ukiivuta kwa uzito wake mwenyewe bila kukandamiza. Kila mvuto pamba mpya. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za gari, nawe hakikisha ni maji na si asidi. Maji ya bomba na ya kisima hapa kwetu yana chumvi na yakikauka huacha madoa. Malizia kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi wa simu. Spiriti ya hospitali isikaribie: nyingi huwa na mafuta ndani yake na itakuachia utando mpya.

Kwa kuvu, changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa na amonia ya kusafishia, nusu kwa nusu, dirisha likiwa wazi. Weka pamba iliyolowa juu ya kioo dakika kumi, vuta, suuza. Rudia mara mbili ikibidi. Amonia hiyo isikutane na Jik hata tone, kwani mvuke wake ni sumu. Na dawa hii ni ya kioo kisicho na gundi pekee. Lenzi za Kellner na othoskopi zina gundi ndani, usizitumbukize kwenye kitu chochote. Nyuzi za kuvu zitatoka, lakini huenda zikaacha nyayo zake, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula tabaka la rangi ya samawati lililopakwa kioo. Nyayo hizo ziache. Dawa ya meno na Brasso zimeua lenzi nyingi kuliko kuvu yenyewe. Wengine huanika lenzi juani ili kuua kuvu. Jua linasaidia kweli, ila lenzi ya mbele iliyoachwa juani ni kiberiti, na nyumba zetu zimejaa mbao.

Kurudisha: krauni mbele, flinti nyuma. Krauni imevimba pande zote mbili, lakini upande mmoja umevimba zaidi, na upande huo ndio unaotazama flinti. Flinti ni nzito kwa umbo lake, ina bonde upande mmoja na upande wa pili karibu ni bapa. Bonde hulipokea tumbo la krauni, ubapa huelekea jicho. Darubini ambayo haifokasi kabisa hata kwa mara 30, na ambayo muuzaji anaapa kuwa ilikuwa nzima, chunguza hapa kwanza: mtu aliifungua akapindua krauni. Ni kosa la kawaida, na marekebisho yake ni ya nusu saa.

Pete ya kubana izungushwe kwa vidole mpaka iguse, kisha iregeshwe kidogo mno. Ukikitikisa kikombe karibu na sikio usikie mgongano hafifu kabisa. Ukiikaza, utaujua usiku: nyota angavu kama Suheli, ambayo ramani huiita Canopus, kwa mara 120 itaonekana ya pembe tatu badala ya nukta ya duara yenye kipete chembamba kuizunguka. Legeza, tazama tena.

Grisi ya fokasi ikiwa imekuwa kama gundi, toa kigia na mkanda wake wa meno, sugua kwa mswaki na mafuta ya taa, kausha, paka grisi nyeupe ya lithiamu nyembamba kama ya kupaka ukucha. Nyingi mno huyeyuka kwa joto la Machi na kutambaa hadi kwenye lenzi. Mafuta ya cherehani hayafai kabisa mahali hapa.

Kuihifadhi

Kuvu hustawi unyevu wa hewa unapopita asilimia 70, na kwetu hilo ni jambo la siku nyingi, hasa kuanzia masika kusi ikiwa imeshika. Lile sanduku zuri la plaiwudi ndilo adui. Vitambaa na sponji vya ndani hunyonya unyevu na kuufunga pamoja na lenzi, na sponji ya zamani huoza ikawa lami. Sanduku lihifadhi kama kumbukumbu, lakini lenzi zisilale humo. Fungua kikombe cha mbele kizimakizima bila kugusa vioo, ukiweke pamoja na lenzi za jicho kwenye kopo la plastiki lenye mpira kifunikoni, na gramu 250 za silika jeli yenye rangi, zile punje za kunyonya unyevu. Ya chungwa ikigeuka kijani, au ya buluu ikigeuka waridi, ioke saa mbili kwa nyuzi 120 uirudishe. Kipima unyevu kidogo ndani ya kopo kionyeshe asilimia 40 hadi 50. Bomba tupu livike shuka la pamba, lisifungwe kwenye nailoni.

Ukitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi, usiifungue nje mara moja. Iache imefunikwa dakika 40, la sivyo lenzi itatoka jasho papo hapo. Ukirudi nayo imelowa umande, usiifunike. Iinamishe lenzi ikitazama chini mbele ya feni mpaka ikauke, ndipo ufunike.

Miguu ya mbao hutaka uangalizi mdogo: angalia vitundu vya dumuzi na unga wake, badilisha skrubu za chuma kwa za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Seremala mwenye mvule kavu atakutolea mguu mpya kwa kuigiza ule wa zamani.

Stendi ya ikweta kwenye nyuzi 4

Stendi ya ikweta ya darubini hizi ilibuniwa kwa watu wa nyuzi 35 hadi 55 za latitudo. Mombasa ipo nyuzi 4 kusini, kwa hiyo mhimili wake lazima ulale karibu bapa ukielekea kusini, na hapo uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Geuza miguu ili mmoja uelekee kaskazini. Uzito utapita kati ya ile miwili ya kusini. Stendi nyingine hazishuki kiasi hicho bila kufungua boliti na kukata kizuizi, na kifaa cha miaka 60 sioni sababu ya kukikatakata. Mota zilizouzwa Marekani ni za volti 117 na 60Hz. Kwenye volti 240 zetu huungua, na hata ukiweka transfoma zitakwenda pole kwa moja ya sita, kwa kuwa umeme wetu ni 50Hz, tena zitazungukia upande wa watu wa kaskazini. Ihifadhi mota ndani ya sanduku. Kwa kutazama, stendi ya kawaida ya kupanda na kuzunguka ndiyo ya mji huu.

Nayo ina tabu yake moja. Msimu wa kaskazi, mbingu zikiwa kavu, Nebula ya Orion, lile wingu la gesi linalong'aa, hupita karibu kabisa na utosi wetu, na bomba la mita moja likisimama wima mkia wake hugonga miguu. Itazame saa moja kabla au baada. Zohali na Mshtarii pia hupanda juu sana. Alpha Centauri, ambayo wa Ulaya hawaioni kabisa, hapa hupanda hadi nyuzi 33 juu ya kusini, na milimita 60 kwa mara 100 huigawa nyota mbili safi.

Kwa mwandamo wa mwezi, tumia ya milimita 25 tu. Mapema, fokasi kwenye taa ya mbali sana au kwenye Zuhura ikiwepo, na uweke alama ya penseli kwenye bomba dogo la fokasi, lile linaloingia na kutoka. Hilali nyembamba hupotea si kwa sababu haipo, bali kwa sababu fokasi iko nje milimita tatu na uzi wake umetawanyika ukawa mbingu. Usielekeze bomba magharibi mpaka jua liwe limezama lote.

Kuhusu jua: ndani ya sanduku kutakuwa na kioo cheusi kidogo kilichoandikwa SUN, cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Kivunje. Usikiache hata kwa kumbukumbu, kwani atakayerithi hatajua. Kinakaa pale mwanga wa lenzi nzima unapokusanyika, hupata moto, hupasuka ghafla, na jicho liko nyuma yake. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kwetu sehemu tu, na masanduku mengi yatafunguliwa siku hiyo. Funika darubini ndogo ya kulengea, weka ile H ya milimita 20 ambayo kila mtu huidharau, yenye shina la chuma na si la plastiki, kisha shika karatasi nyeupe sentimita 30 nyuma yake. H haina gundi ndani, kwa hiyo joto haliidhuru. Lenga kwa kutazama kivuli cha bomba kikiwa kifupi kuliko vyote, na jua litatua kwenye karatasi likiwa na upana wa sentimita 12 hivi, madoa yake yakihesabika, na watoto wote wa baraza wakiliona kwa pamoja.